Scholastika Aliyemtaja Mdogo Wake

Suzan alipokata roho, hakuna aliyeuliza nani atamwosha. Kijijini kwao, upande ule wa Biharamulo unaopakana na msitu, mwanamke akifa anaitwa Scholastika, kama vile anavyoitwa mkunga uchungu ukianza. Alikuwa mjane wa makamo, mpana wa mabega, mwenye sauti ya chini. Kazi hiyo aliirithi kwa shangazi yake, na kama shangazi yake alikuwa na desturi ya kuongea na maiti wakati wa kuwaosha. "Nyanyua mkono, mama," alikuwa akisema, huku akiunyanyua mwenyewe. "Vumilia kidogo, tunamaliza." Wafiwa waliokuwa wakisubiri nje ya chumba waliisikia sauti hiyo, nao walipata faraja, kwa sababu ilionekana kama ndugu yao bado anahesabika miongoni mwa watu.

Siku ile mgongo ulikuwa unamsumbua. Alimtuma mtu amwite mdogo wake Genoveva, aliyeolewa nyumba chache kutoka hapo, aje amsaidie. Genoveva alikuja akiwa amejifunga kanga mbili, mikono mitupu, akainama kichwani kwa marehemu. Suzan alikuwa amekufa vibaya. Homa ilimshika ghafla, kisha tumbo, kisha damu ikaanza kumtoka puani na kwenye fizi, na hata alipokwisha kufa damu haikukoma. Genoveva aliifuta, akaosha kitambaa, akaifuta tena. Scholastika alimwaga maji na kuosha miguu. Ndivyo walivyogawana kazi, na baadaye aliufikiria mgawanyo huo mpaka kichwa kikamuuma.

"Huyu amerogwa," mmoja wa waombolezaji alinong'ona mlangoni.

"Nyamazeni," alisema Scholastika. "Mtu anaoga."

Wiki moja baada ya mazishi, mume wa Suzan alianza kutapika damu. Naye akafa. Zahanati ya kijiji ilikuwa na muuguzi kijana aliyeitwa Clever, mtu wa mzaha aliyependwa na akina mama kwa sababu hakuwafokea. Ndiye aliyewatundikia wote wawili maji ya mishipani. Aliposhikwa na homa yeye mwenyewe, ndipo mganga wa zahanati alipopiga simu wilayani, na wilaya ikapiga juu zaidi, na magari meupe yakaanza kuingia kijijini yakiruka matope.

Walikuwa watu wa timu ya taifa ya kudhibiti milipuko. Walikuja na mahema, mapipa ya dawa ya klorini, maabara ndogo iliyobebwa na gari. Walichukua damu ya wagonjwa, na majibu yalipotoka waliita mkutano kwenye uwanja wa shule. Aliyesimama kusema alikuwa daktari mwanamke aliyevaa hijabu ya kijivu na buti za mpira. Aliitwa Sharifa. Wazee kadhaa walimtambua: alizaliwa palepale Biharamulo mjini, mtoto wa wenye duka la vitambaa ambao babu yao alitoka pwani.

"Huu ni ugonjwa wa virusi, unaitwa Marburg," alisema. "Si wa kurogwa, wala hausambai kwa upepo. Unapita kwenye majimaji ya mwili wa mgonjwa: damu, matapishi, jasho. Na mtu akifa nao, mwili wake ndio unakuwa na virusi vingi kuliko wakati wowote. Ninachowaomba kigumu kuliko vyote ni hiki. Msiwaguse maiti. Msiwaoshe."

Macho ya uwanja mzima yalimgeukia Scholastika. Hakuna aliyemnyooshea kidole, wala haikuhitajika. Alitazama mikono yake iliyokuwa mapajani, kisha akamtafuta Genoveva kwa macho katikati ya wanawake, akamwona anaikunja kanga yake.

Baada ya mkutano timu ilipita nyumba kwa nyumba. Kila aliyemgusa Suzan au mumewe aliambiwa akae nyumbani kwake kwa majuma matatu, asishikane mkono na mtu, asiende gulioni wala kanisani. Asubuhi na jioni alikuja Frednand, mhudumu wa afya wa kijiji, akisimama mbali kidogo na kuelekeza kipimajoto kwenye paji la uso. Timu ilileta unga, maharage na sabuni. Majirani walileta maneno. Wengine walisema hao ni mumiani, wanakusanya damu kuiuza. Wengine walisema ukiingia kwenye yale mahema hutoki ila umefungwa kwenye mfuko.

Hilo la mwisho lilikuwa karibu na ukweli. Katika wale wa kwanza waliopelekwa kambini, aliyetoka kwa miguu yake alikuwa mmoja tu.

Siku ya tatu Frednand alifika kwa Genoveva akaambiwa kaenda shambani. Jioni akakuta nyumba imefungwa. Mume wa Genoveva, Jovitus, hakuwepo. Binti yao mkubwa, Happy, hakuwepo. Watoto wadogo walikuwa wameachwa kwa jirani. Sharifa alikuja mwenyewe kwa Scholastika, akasimama upande wa pili wa ua wa miti.

"Shikamoo mama."

"Marahaba."

"Mdogo wako hayupo. Unajua alikoelekea?"

"Sijui, mwanangu," alisema Scholastika, na wakati huo alikuwa anasema kweli.

Jua lilikuwa linazama simu ilipolia. Sauti ya Genoveva ilikuja imekauka, kama ya mtu aliyemeza vumbi.

"Dada, uko peke yako?"

"Niko peke yangu. Uko wapi wewe?"

"Mbuba. Kwa mama mkwe. Jovitus alinitoa na pikipiki kwa njia za ndani." Alipumzika. "Dada, nina homa tangu juzi. Leo nimetapika. Usimwambie mtu. Wale wakinichukua sirudi, hata wewe unajua."

"Nani anakuuguza?"

"Mama mkwe. Na Happy. Happy ananikanda maji." Kisha Genoveva akasema, "Niapie."

Scholastika alisema, "Pumzika, mdogo wangu." Hakuapa, lakini alijua Genoveva amesikia kiapo.

Mbuba iko wilaya nyingine kabisa, Ngara, mbali na kijiji chao kwa safari ya kutwa nzima ukipita kwa magari ya kuungaunga. Hakuna mtu wa timu aliyekuwa na sababu ya kwenda kumtafuta huko. Kulipokucha, Frednand alikuja na kipimajoto chake, akauliza kama kuna habari za Genoveva. Scholastika akatikisa kichwa. Frednand akashika njia yake, naye akabaki amekaa kwenye kigoda, chakula cha asubuhi kimepoa mbele yake.

Aliwaza mengi. Aliwaza jinsi mama yao alivyomkabidhi Genoveva mgongoni akiwa hajajua kutembea, yeye mwenyewe bado msichana mdogo. Aliwaza kwamba ni yeye aliyemtuma mtu akamwite aje kuosha. Kama angeyavumilia maumivu ya mgongo wake siku ile, Genoveva angekuwa analima maharage sasa hivi. Na amfanyie na hili pia? Amtoe mikononi mwa mumewe na mwanawe, akafie kwenye turubai, mbele ya watu waliofunikwa nyuso?

Karibu na saa sita alisikia kilio kikipanda kutoka upande wa zahanati. Jirani alipita barabarani akiwa ameshika kichwa. "Clever amefariki," alisema bila kusimama. "Yule mtoto amefariki."

Clever aliwachoma sindano wagonjwa wawili, akawafunika shuka. Hakufanya zaidi ya hapo. Scholastika aliiona akilini mikono ya Happy ikikamua kitambaa kwenye beseni, maji yenye damu yakipita katikati ya vidole. Aliinuka. Alitoka mpaka kwenye ua, akamwita mtu wa kwanza aliyepita na kumwambia amwite yule daktari wa kike, haraka.

Sharifa alifika buti zikiwa zimelowa. Alikuwa ametoka kumzika Clever kwa maana yao wao, yaani kusimamia mwili unapopuliziwa dawa na kufungwa.

"Nikikuambia alipo," alisema Scholastika, "mtamfanya nini?"

"Tutamleta kambini."

"Atapona?"

"Mama, sitakudanganya. Ugonjwa huu hauna dawa yake mahsusi. Tunampa maji, tunamtuliza homa, tunapigana naye. Wanaowahi, wengine wanapona. Anaumwa tangu lini?"

"Siku tatu. Labda zaidi."

Daktari alisubiri. Alikuwa na umri wa kuweza kuwa binti yake, na macho yake yalikuwa mekundu kwa kukosa usingizi.

"Yuko Mbuba," alisema Scholastika. "Kwa mama mkwe wake, anaitwa Ildefonsa. Nyumba iko nyuma ya kanisa, ukiuliza utaonyeshwa." Kisha akaketi chini palepale, kwenye udongo.

Yaliyotokea Mbuba aliyasikia baadaye. Simu ilipigwa Ngara, na timu ya huko ikafika kabla ya ile ya Biharamulo. Watu walijaa njiani wakipiga kelele za mumiani, jiwe likavunja kioo cha gari. Bibi Ildefonsa alikuwa amempakata mkwewe mapajani, akakataa kumwachia. Katekista wa hapo ndiye aliyeongea naye kwa Kihangaza, lugha ya huko, taratibu, mpaka mikono yake ikalegea. Genoveva alipakiwa. Bibi, Jovitus na Happy waliwekwa kwenye uangalizi, na wote waliofika kumjulia hali wakatafutwa mmoja mmoja, hata mwendesha pikipiki aliyewauzia mafuta njiani. Siku hizo hizo kule Rusumo, mpakani, madereva wa malori walianza kusimamishwa na kupimwa joto kabla ya kuvuka daraja kwenda Rwanda. Wengi walinung'unika kwa foleni. Hawakujua kwamba chanzo cha foleni ile kilikuwa mwanamke mmoja aliyelala ndani ya gari jeupe, anarudishwa kwao.

Scholastika alikuwa bado kwenye uangalizi wake, lakini alipoomba kumwona mdogo wake, Sharifa hakumkatalia. Alipelekwa kwa gari, amevaa barakoa na glavu, akasimamishwa nje ya hema lenye dirisha la plastiki. Genoveva alikuwa kwenye kitanda cha chuma, macho yamezama, mirija imefungwa mkononi. Muuguzi aliyevaa nguo nyeupe za kumfunika mwili mzima alimnyanyua kidogo mto ili aweze kuona.

"Genoveva," alisema Scholastika kwa sauti, kwa kuwa plastiki ilikuwa nzito. "Ni mimi niliyesema."

Midomo ya mgonjwa ilichukua muda kuachana.

"Nilijua. Sikumpigia mtu mwingine."

Mvua ilianza kugonga turubai. Genoveva akakusanya nguvu tena.

"Happy?"

"Hajaugua. Wanampima kila siku. Mpaka leo hajaugua."

Genoveva aligeuza uso akatazama upande wa pili. Scholastika alisubiri pale mpaka walipokuja kumwondoa, na mdogo wake hakugeuka tena. Kama ilikuwa hasira, au kutosheka, au ni uchovu tu wa mwili, mpaka leo hajui.

Genoveva alifariki kesho yake.

Mazishi yalifanyika kando ya kijiji. Wanaume wanne wa timu ya maziko walitoka na mfuko mzito mweupe, wakitembea polepole kwa sababu ya matope na kwa sababu Sharifa aliwaambia wasikimbie, huyu si mzigo. Kamba ilifungwa kuwatenga ndugu na kaburi. Padri aliomba akiwa nyuma ya kamba hiyo hiyo. Scholastika alikuwa ameleta kitenge ambacho Genoveva alikivaa siku ya kupelekwa kwa mumewe. Mmoja wa wale wanaume alikipokea, akakitandaza juu ya mfuko, akakinyoosha ncha zake kwa glavu zake nene, kwa uangalifu, kama mtu anayetandika kitanda cha mgeni.

Mwanamke aliyeosha kijiji kizima alisimama na mikono mikavu. Walipoanza kuteremsha mwili, watu walimsikia anasema kwa ile sauti yake ya chini, "Nyanyua mkono, Genoveva. Vumilia. Tunamaliza." Wanawake walipasuka kulia.

Jovitus aliletwa kutoka Ngara na gari la timu. Alisimama mwisho wa kamba, mbali na wengine. Kazi ilipokwisha alimwendea Scholastika mpaka pale aliporuhusiwa kufika.

"Shemeji," alisema. "Alikuamini kuliko mimi."

"Najua."

"Angekufa mikononi mwangu. Hicho tu ndicho alichotaka. Umeninyima hata hicho."

Scholastika angemwambia nini? Kwamba mikono hiyo nayo ingekufa? Hilo halisemwi kaburini.

Juma lililofuata bibi Ildefonsa naye aliugua, akafa. Hakuna aliyeweza kusema kama aliambukizwa siku ya kwanza Genoveva alipofika, au usiku ule na ile nusu siku ambazo Scholastika alikaa kimya. Alimwuliza Sharifa. Sharifa alisema hakuna kipimo cha kuonyesha hivyo. Scholastika alielewa kwamba huo ulikuwa ukweli, na kwamba atakaa nao.

Baada ya hapo hakuugua mtu mwingine. Happy alimaliza majuma yake matatu akiwa mzima, na Jovitus pia, na majirani wote wa Mbuba waliokuwa wameingia kumwona mgonjwa. Siku zikaongezeka bila mgonjwa mpya, mpaka viongozi wakaja mjini Biharamulo kutangaza kwamba mlipuko umekwisha. Kulikuwa na vipaza sauti na kwaya. Mahema yakakunjwa. Scholastika hakwenda. Alikuwa shambani anapalilia migomba, akisikia muziki kwa mbali upepo ulipogeuka.

Kijiji kilirudia maisha yake, lakini hakikurudi kwake. Ilisemekana kwamba alimuuza mdogo wake kwa watu wa serikali. Waliosema hivyo hawakuwa wabaya. Walikuwa wanatafuta mahali pa kuweka msiba. Mzee mmoja wa kike alipofariki kwa uzee wake, akina mama walimwosha bila kumwita. Aliwaona wakipita na ndoo. Jovitus aliwachukua watoto wote akahamia Mbuba moja kwa moja, na simu za Scholastika hakuzipokea.

Kiangazi kilipoanza, Sharifa alirudi. Safari hii hakuwa na mahema. Alimwambia Scholastika kwamba kazi kubwa ya ofisi yao inafanyika wakati hakuna anayekufa; kwamba wanataka kila kijiji cha wilaya zote mbili kiwe na waosha maiti wanaojua dalili za kutiliwa shaka, wanaojua nani wa kumpigia kabla ya kugusa. "Sisi tukisema, wanasikia sauti ya gari," alisema. "Wewe wanajua umeosha."

"Na wanajua nilichofanya."

"Wanajua."

Scholastika alikataa. Sharifa akaaga, akaenda zake. Alirudi mwezi uliofuata na swali lile lile, akakuta Scholastika ameshafua gauni lake zuri.

Walizunguka. Huko Rulenge walisikilizwa kwa heshima. Kwingine walizomewa. Mahali pamoja mwanamke alimwita mchawi mbele ya watu, naye akangoja amalize, kisha akaendelea kueleza namna ya kuvaa glavu. Halafu ratiba ikafika Mbuba.

Walikutana kwenye ukumbi wa kanisa. Wanawake walijaa mabenchi, na Scholastika alipokuwa katikati ya maneno yake alimwona Happy amesimama ukutani. Alikuwa amerefuka. Alikuwa na mabega ya mama yake. Ilipofika zamu ya maswali, binti alinyoosha mkono, akaamkia kwanza, kama alivyofunzwa.

"Shikamoo mama mkubwa."

"Marahaba, mwanangu."

"Mama alikuomba usimtaje?"

"Aliniomba," alisema Scholastika.

"Ulipokwenda kumwona, alikusamehe?"

"Sijui. Nilimwambia ni mimi. Akasema alijua. Akauliza habari zako, nikamwambia hujaugua. Kisha akageukia upande wa pili. Hakusema tena."

Happy alisogea mbele hatua moja. Sauti yake ilipotoka ilikuwa nyembamba. "Ingekuwa mimi ndiye nimekimbia na homa, ungenitaja?"

Sharifa, aliyekuwa ameketi pembeni, alijisogeza kama anayetaka kusema kitu. Scholastika alimzuia kwa kiganja. Angeweza kudanganya. Watu wote pale wangependa adanganye.

"Ningekutaja," alisema. "Siku ile ile. Nisingengoja asubuhi."

Binti akafunga kanga yake kiunoni, akatoka nje kwenye jua, na kupitia mlangoni Scholastika alimwona akishika njia ya kwao bila kugeuka nyuma. Alitamani kumfuata. Miguu yake ilikwisha kuanza.

Lakini mwanamke mmoja wa benchi la mbele, mzee mwenye mikono iliyokunjamana, alikuwa amesimama tayari na swali. Alitaka kujua: mtoto mchanga akifa na homa, akivuja damu, na mama yake anamng'ang'ania kifuani, unamwambiaje amwachie?

Scholastika alirudi mbele. Akavuta pumzi, akaanza kumjibu.